KWA NINI NG'OMBE HUGEUKA NGÓMBE?
Herufi, namba na kibodi katika kompyuta

Utangulizi

Neno ng'ombe linajulikana kwa kila mtoto aliyeanza shule. Hata hivyo mtu anayelipiga neno hilo kwa kompyuta huweza kushangaa kuona mbele yake ngómbe, au ng’ombe, au ng?ombe, au hata neno lenye kisanduku kitupu mahali pa ritifaa. Wengi hudhani kwamba mashine imeharibika. Wengine hulaumu virusi. Kumbe maumbo hayo manne yanatokana na makosa manne yaliyo tofauti. Kila kosa lina chanzo chake na dawa yake, na dawa ya moja haiponyi jingine.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kompyuta inavyohifadhi maandishi, sababu za maandishi ya lugha zetu kupotoka, na utaratibu ambao mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kuufuata ili kulitambua kosa kabla ya kulitibu.

Ili kuonyesha uzito wa jambo lenyewe, utatumika mfano wa kubuni. Wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja mjini Newala wamepewa kazi ya likizo: kukusanya kwa wazee majina ya Kimakonde ya miti, ya wadudu na ya mahali pa uwanda wa juu wa Makonde. Kimakonde, kama lugha nyingi za Kibantu, ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya matamshi ya neno. Kwa hiyo mwalimu amewaelekeza watie alama ya toni juu ya irabu, kama á, na juu ya n inayobeba silabi, kama ń. Kwa sauti ya ng' wanatumia herufi ŋ, kama wafanyavyo wataalamu wengi wa isimu. Kazi inakamilika, inahifadhiwa katika flashi mbili, na makundi mawili ya wanafunzi yanateremka Masasi kuichapisha katika steshenari mbili tofauti. Kote kuwili, skrini inaonyesha Å‹ mahali pa ŋ, na á mahali pa á.

Kundi la kwanza linarudi na orodha iliyo kamili. Kundi la pili linarudi na orodha iliyojaa alama za kuuliza, ambayo hakuna fundi anayeweza kuirudisha katika hali yake ya kwanza. Tofauti baina ya makundi hayo itaelezwa mwishoni, baada ya msingi wake kueleweka.

1. Kompyuta haijui herufi

Kompyuta haihifadhi herufi yoyote. Huhifadhi namba tu. Namba hizo hupangwa katika mafungu yaitwayo baiti. Baiti moja ina nafasi nane za sifuri au moja, na kwa hiyo huweza kubeba namba yoyote kuanzia 0 hadi 255. Ili namba hizo zisomeke kama maandishi, ni lazima pawe na orodha inayosema namba fulani ni herufi fulani. Orodha ya namna hiyo huitwa msimbo wa herufi.

Msimbo ulioenea zaidi hapo mwanzo ni ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963. Msimbo huo una nafasi 128 tu, kuanzia 0 hadi 127. Ndani yake, herufi n ni namba 110, g ni 103, o ni 111, na ritifaa iliyonyooka (') ni 39. Mwenye kuandika Kiswahili sanifu kwa herufi za Kilatini hupata humo kila anachokihitaji. Lakini á, ń na ŋ hazimo.

Baadaye watengenezaji wa mashine walizijaza nafasi zilizobaki, kuanzia 128 hadi 255, kila mmoja kwa matakwa yake au kwa mahitaji ya wateja wake. Hapo ndipo vurugu ilipoanza. Namba 225 katika orodha ya Ulaya Magharibi iitwayo Windows-1252 ni herufi á. Katika orodha ya Kirusi iitwayo Windows-1251, namba hiyo hiyo ni herufi б. Katika orodha ya Kiarabu iitwayo Windows-1256, ni herufi lamu. Namba haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni orodha iliyotumika kuisomea.

Jambo hili lina mfano wake katika historia ya Newala yenyewe. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alikaa Newala na kurekodi nyimbo za wenyeji kwa fonografu, mashine iliyochora mifuo katika mitungi ya nta. Mfuo ule si wimbo. Ni alama tu, na huwa wimbo pale mashine inapozungushwa kwa mwendo ule ule uliotumika wakati wa kurekodi. Mwendo ukizidi, sauti ya mzee husikika kama ya mtoto, ijapokuwa nta haina dosari. Ndivyo ilivyo kwa faili la maandishi: faili huweza kuwa zima kabisa, na kosa likawa katika kulisoma.

2. Asili ya ng' na ŋ

Sauti iandikwayo ng' ni sauti moja, japo huandikwa kwa alama tatu. Nayo ni tofauti na ng ya ngoma. Tofauti hiyo hubeba maana: ng'oa ni kutoa kitu kilichojikita ardhini, na ngoa ni wivu au tamaa. Katika miaka ya mwisho ya 1920, taasisi ya kimataifa ya lugha za Afrika iliyokuwa London ilipendekeza herufi ŋ kwa sauti hiyo. Tahajia ya Luganda iliyokubaliwa mwaka 1947 iliichukua herufi hiyo. Kiswahili sanifu kilibaki na ng'.

Njia ya Kiswahili ilikuwa na faida kubwa katika enzi ya taipureta, kwa kuwa ritifaa ilipatikana bila kuagiza mashine ya pekee. Lakini kompyuta ilileta taabu mpya. Programu nyingi za kuandikia zilitungwa kwa ajili ya Kiingereza, na katika Kiingereza ritifaa ni alama ya uakifishaji, si sehemu ya herufi. Kwa hiyo programu huona haki kuipinda ritifaa ili ipendeze, au kulikata neno mahali ilipo. Ng'ombe kwa programu ya namna hiyo ni ng na ombe.

3. Unikodi na hesabu yake

Ili kuondoa vurugu ya orodha nyingi, paliundwa orodha moja ya dunia nzima iitwayo Unikodi. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991. Katika Unikodi kila herufi ina namba yake isiyogongana na nyingine. Herufi á ni 225, ń ni 324, ŋ ni 331. Ritifaa iliyonyooka imebaki 39. Ritifaa iliyopinda (’) ni 8217. Ipo pia ritifaa ya tatu, namba 700, inayofanana kwa sura na ile iliyopinda lakini ikihesabiwa kuwa herufi, si alama ya uakifishaji.

Swali linalofuata ni hili: namba 331 itatiaje ndani ya baiti isiyoweza kuvuka 255? Jibu lililoenea zaidi ni utaratibu uitwao UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike. Kanuni zake ni nyepesi.

(a) Namba iliyo chini ya 128 huandikwa kwa baiti moja, kama ilivyo katika ASCII.

(b) Namba kuanzia 128 hadi 2047 huandikwa kwa baiti mbili. Namba hugawanywa kwa 64. Kigawe huongezwa 192, na baki huongezwa 128.

(c) Namba kuanzia 2048 hadi 65535 huandikwa kwa baiti tatu. Namba hugawanywa kwa 4096, na kigawe huongezwa 224. Baki hugawanywa tena kwa 64. Kigawe cha pili na baki ya mwisho, kila kimoja huongezwa 128.

Kwa mfano, 331 ukigawanya kwa 64 hupatikana 5 na baki 11. Hivyo ŋ huandikwa 197 na 139. Namba 225 hutoa 3 na baki 33, na hivyo á huandikwa 195 na 161. Ritifaa iliyopinda, 8217, hutoa kwanza 2 na baki 25. Kisha 25 hutoa 0 na baki 25. Baiti zake ni 226, 128 na 153.

Sasa fumbo la Masasi linaanza kufumbuka. Programu inayodhani kwamba faili limeandikwa kwa Windows-1252 huisoma kila baiti peke yake. Katika orodha hiyo 197 ni Å na 139 ni ‹. Kwa hiyo ŋ moja huonekana Å‹. Vivyo hivyo 195 ni Ã na 161 ni ¡, na ndipo á huonekana á. Nazo 226, 128 na 153 ni â, € na ™, na ng’ombe aliyehifadhiwa salama huonekana ng’ombe.

4. Makosa ya kibodi

Kitufe cha kibodi hakipeleki herufi katika kompyuta. Hupeleka namba ya mahali pake, na kompyuta hutazama mpangilio uliochaguliwa ili kujua mahali hapo ni pa herufi gani. Mpangilio usipolingana na maandishi yaliyochapwa juu ya vitufe, mkono hupiga hiki na skrini huonyesha kile. Makosa yanayotokea mara kwa mara ni haya:

(a) Mpiga chapa anataka @ na anapata alama ya kunukuu ("), au kinyume chake. Kibodi ni ya Kimarekani na mpangilio uliochaguliwa ni wa Kiingereza cha Uingereza, au vitu hivyo vimebadilishana.

(b) Neno ng'ombe linatoka ngómbe, ng'ambo inatoka ngámbo, na ng'e anatoka ngé. Hapa mpangilio uliochaguliwa ni ule wa Kimarekani wa kimataifa. Katika mpangilio huo ritifaa ni kitufe kinachosubiri: hakiandiki chochote mpaka herufi inayofuata ipigwe. Ikiwa inayofuata ni irabu, viwili hivyo huunganishwa kuwa irabu yenye alama. Ikiwa inayofuata ni w, hakuna cha kuunganisha, na ng'w hutoka sawasawa. Dawa ya haraka ni kupiga nafasi mara tu baada ya ritifaa. Dawa ya kudumu ni kuchagua mpangilio wa kawaida. Hata hivyo mpangilio huo ni msaada kwa anayetaka kuandika á ya toni, wala haufai kulaumiwa bali kuwashwa na kuzimwa kwa wakati wake.

(c) Neno mkulima linatoka 024350a. Katika kompyuta ndogo za mkononi, baadhi ya herufi za upande wa kulia huwa na kazi ya pili ya tarakimu. Kitufe cha kufungia tarakimu kimeguswa kwa bahati mbaya. Kikiguswa tena, herufi hurudi.

(d) Ritifaa inapigwa imenyooka na inapinda yenyewe. Hili si kosa la kibodi bali ni kazi ya programu ya kuandikia, inayojisahihisha kwa desturi ya vitabu vya Kiingereza. Huzimwa katika mipangilio ya programu yenyewe.

5. Makosa ya faili na ya mwandiko

Makosa haya hutokea baada ya herufi kuingia salama. Yako ya aina tatu.

Kwanza, kusoma kwa orodha isiyo yake. Dalili yake ni herufi moja kugeuka mbili au tatu, hasa zinazoanza na Ã, Å au â. Baiti ni nzima. Dawa ni kulifunga faili bila kuhifadhi chochote, kisha kulifungua upya na kuchagua UTF-8.

Pili, mwandiko kukosa herufi. Kila mwandiko wa kompyuta ni mkusanyiko wa michoro ya herufi, na si kila mkusanyiko una mchoro wa ŋ au ń. Pasipokuwa na mchoro, skrini huonyesha kisanduku kitupu. Hapa pia namba ni nzima. Kilichokosekana ni sura yake. Dawa ni kuchagua mwandiko mwingine.

Tatu, kuhifadhi kwa orodha isiyo na nafasi ya herufi hiyo. Hili ndilo kosa la hatari. Windows-1252 haina ŋ wala ń. Programu ikilazimishwa kuhifadhi herufi hizo kwa orodha hiyo, huandika namba 63, yaani alama ya kuuliza, mahali pa kila moja. Baadhi ya programu huandika n tupu mahali pa ń, bila hata kumwonya mwandishi. Baada ya hapo hakuna tena baiti za kusomea. Alama za kuuliza mia moja zilizotokana na herufi kumi tofauti zote ni 63, na hakuna hesabu iwezayo kuzitenganisha.

6. Sura moja, namba mbili

Lipo kosa jingine lisiloonekana kwa macho. Herufi á huweza kuandikwa kama namba moja, 225, au kama namba mbili: 97 ambayo ni a, ikifuatwa na 769 ambayo ni alama ya toni inayopanda juu ya herufi iliyotangulia. Kwenye skrini na kwenye karatasi hazitofautiani. Lakini ya kwanza ni baiti mbili na ya pili ni baiti tatu. Mwanafunzi akitafuta neno lililoandikwa kwa namna ya pili kwa kupiga namna ya kwanza, programu nyingi nyepesi zitamjibu kwamba neno halimo.

Ritifaa huleta tatizo hilo hilo. Katika orodha ya majina ya shule au ya chama cha ushirika, jina lililoandikwa kwa ritifaa iliyonyooka na jina lile lile lililoandikwa kwa ritifaa iliyopinda ni majina mawili kwa kompyuta. Mkulima huweza kuambiwa kwamba hayumo katika orodha, na mwanafunzi kwamba hakusajiliwa, hali majina yao yako mbele ya macho ya karani. Vivyo hivyo kwa majina ya mahali, kama Ng'apa katika Mkoa wa Lindi. Dawa ni kukubaliana tangu mwanzo juu ya umbo moja, na kubadili maumbo mengine yote kwa amri ya kutafuta na kubadilisha, juu ya nakala na si juu ya faili la asili.

7. Utaratibu wa uchunguzi

Mchunguzi mzuri hubadili jambo moja kwa wakati mmoja, kama afanyavyo katika maabara. Utaratibu unaofaa ni huu:

Hatua ya 1. Usihifadhi. Funga faili kama lilivyo, na utengeneze nakala.

Hatua ya 2. Fungua ukurasa mpya mtupu na upige neno ng'ombe. Likitoka vibaya, kosa liko katika kibodi au katika masahihisho ya programu. Likitoka vizuri, kosa liko katika faili au mwandiko.

Hatua ya 3. Katika nakala, badili mwandiko. Visanduku vikitoweka, kazi imekwisha.

Hatua ya 4. Fungua nakala upya kwa UTF-8. Herufi zenye Ã, Å na â zikirudi katika hali yake, hifadhi nakala hiyo kwa UTF-8.

Hatua ya 5. Zikibaki alama za kuuliza, tafuta nakala ya zamani zaidi au daftari la mkono. Usijaribu kuzikisia.

Hatua ya 6. Kama kila kitu kinaonekana sawa ila neno halipatikani kwa kutafutwa, chunguza ritifaa na alama za toni.

Hitimisho

Sasa tofauti ya makundi mawili ya Newala iko wazi. Kundi la kwanza lilipoona Å‹ lilifunga faili bila kuligusa, likalifungua upya kwa UTF-8, na ŋ zote zikarudi. Kundi la pili nalo lilifanikiwa kulifungua vizuri, lakini wakati wa kuhifadhi liliacha orodha ya zamani ya Windows-1252. Programu ikaonya kwamba baadhi ya herufi zitapotea. Onyo lilikuwa refu na gari la kurudi lilikuwa linaondoka, basi wakabonyeza kitufe cha kukubali. Katika orodha yao, kila ŋ na kila ń ikawa alama ya kuuliza.

Orodha ya kundi la pili iliweza kuandikwa upya kwa kuwa flashi ya kwanza ilikuwapo, na daftari za mkono hazikuwa zimetupwa. Pasingekuwa na vitu hivyo, ingebidi kuwarudia wazee, na si kila mzee aliyetoa jina la mti likizo hii atakuwapo likizo ijayo. Kwa sababu hiyo daftari la mkono lihifadhiwe hata baada ya kazi kupigwa chapa, na kila faili lihifadhiwe kwa UTF-8 katika sehemu mbili.

Mazoezi

1. Kwa kutumia kanuni ya (b) katika sehemu ya 3, tafuta baiti za herufi ń yenye namba 324.

2. Mwanafunzi anapiga ng'ambo na kupata ngámbo, lakini akipiga ng'wana linatoka sawasawa. Eleza sababu.

3. Andika neno ng'ombe peke yake katika faili tatu, bila kupiga kitufe cha mstari mpya: la kwanza kwa ritifaa 39, la pili kwa ritifaa 8217, na la tatu kwa ritifaa 700. Hifadhi zote kwa UTF-8, kisha linganisha ukubwa wake kwa baiti. (Baadhi ya programu hutanguliza baiti tatu za utambulisho, 239, 187 na 191. Ziondoe katika hesabu.)

4. Faili moja linaonyesha visanduku na jingine linaonyesha alama za kuuliza. Ni lipi lenye matumaini zaidi, na kwa nini?

Majibu

1. 324 = 5 × 64 + 4. Baiti ni 197 na 132.

2. Ritifaa ya mpangilio wa kimataifa huungana na irabu a, lakini haiungani na w.

3. Baiti 7, 9 na 8.

4. Lenye visanduku, kwa kuwa namba za herufi bado zimo ndani yake na kilichokosekana ni mwandiko unaofaa. Katika faili la pili, herufi zenyewe zimekwisha kubadilishwa kuwa namba 63.